Mkwe Aliyefundisha Kuogelea

Duka la vifaa kwenye klabu ya michezo halina mahali pa mtu kujificha. Najua, kwa sababu nilitafuta. Mbele kuna dirisha kubwa la kioo linaloangalia bwawa la kuogelea, kando kuna mlango usiofungwa mchana kutwa, na nyuma ya kaunta ni rafu za maboya, kofia za mpira na raketi mpaka kwenye dari. Hata stoo sina. Mzigo ukiletwa kutoka Nairobi naupanga chini ya kaunta, na miguu yangu inatafuta pa kukaa. Nilikuwa nimeridhika na duka hilo miaka yote, mpaka mwalimu wa kuogelea akaja kumposa binti yangu, na mimi nikaanza kutafuta ukuta wa kusimama nyuma yake.

Klabu yenyewe iko nje ya Kitengela, ukielekea Isinya, mahali ambapo upepo hauna kazi nyingine ila kubeba vumbi. Napanguza miwani ya kuogelea asubuhi, saa nne napanguza tena. Siku za wiki tunaletewa watoto wa shule, wikendi zinakuja familia. Sheria ya bwawa ni moja, huingii majini na nguo ya pamba, kwa hivyo kila Jumamosi kuna baba mzima mwenye gari lake anafukuzwa bwawani na boxer, anakuja kwangu amejifunga taulo, anauliza kama nakodisha kostyumu. "Baba," namwambia, "wewe ungekubali kukodi chupi?" Wengine wanacheka wananunua. Wengine wanakasirika, na wananunua vilevile, kwa sababu watoto wako majini wanawaita.

Huyo mwalimu alikuwa kijana wa watu wa mkoa wa Central. Wazazi wake walinunua ploti Kitengela zamani, kabla bei haijapata wazimu, na yeye akazaliwa hapa hapa kwenye vumbi akajifunza kuogelea, sijui wapi. Aliniita mathe, kama vijana wa mjini wanavyowaita mama zao. "Mathe, filimbi imeingia maji tena." "Mathe, niko na mtoto ana kichwa kikubwa, nipatie kofia ya mtu mzima." Alikuwa akiingia dukani maji yanamtiririka, mimi nampigia kelele kwa sababu ya sakafu, na yeye anaomba msamaha huku mkono uko ndani ya mkebe wangu wa chapati. Nilimpenda yule kijana. Nasema wazi. Alikuwa na subira na watoto waoga ambayo mimi sikuwa nayo hata kwa wangu.

Binti yangu anafanya kazi kwenye duka la dawa mjini. Jumamosi moja alinipitia klabu, amesukwa nywele mpya ndefu, akataka kuingia majini. Kofia zote zikakataa. Nilivuta mimi, akapiga kelele, nikaacha. Yule mwalimu akapaka kofia poda ndani, akakunja zile rasta juu ya utosi, akamvalisha taratibu wala nywele moja haikuvutika. Mimi nikageuka kuendelea kupanga maboya. Mjinga mimi.

Miezi ikapita. Jumapili moja baada ya kanisa binti akaniambia, "Mum, niko na mtu. Anakuja leo kukusalimia." Nikapika. Nikatandika kitambaa cheupe. Hodi ikapigwa, nikafungua mlango mwenyewe, na aliyesimama pale na mfuko wa sukari na unga ni mwalimu wa kuogelea, amevaa suruali ya kupigwa pasi na shati la mikono mirefu. Nilikuwa sijawahi kumwona na shati. Akatabasamu mpaka masikioni, akanyoosha mkono.

Nikakimbia. Nilipita jikoni, nikatoka mlango wa nyuma, nikaketi kwa jirani mpaka nilipoambiwa ameondoka.

Sasa nieleze, maana najua wako wasomaji ambao kwao haya ni maajabu. Kwetu Bungoma, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono. Hawakai chumba kimoja, hawali sahani zinazoonana, na mwanamume hathubutu kuonekana na mama mkwe wake bila shati. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unaingia mahindini mpaka apite. Mama yangu mzazi alikuwa akikutana na mume wangu sokoni, anajifunika uso na leso anageukia ukuta, na mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akirudi nyumbani kifua mbele. "Leo mama amenikimbia," anasema, kama mtu aliyepewa zawadi. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Inaanza pale tu kijana anapotamka nia yake.

Basi huyo wangu alikuwa ametamka. Nilikuwa na furaha hadi nikashindwa kulala, nimpate wapi mkwe bora kuliko huyu? Wazee wake walikuwa waje kwetu mwezi wa nane, shule zikifungwa, na mimi niliitaka ndoa hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine kwa mtoto wangu. Ila furaha ilikuja na jasho. Yule mkwe nilikuwa nimemwona mapaja miaka miwili. Nilikuwa nimempiga taulo mgongoni. Tulikuwa tumekula chapati kwenye mkebe mmoja, vidole kwa vidole. Nilijipa moyo kwamba Mungu haandiki makosa ya mtu asiyejua, lakini kuanzia Jumatatu nilikuwa najua.

Jumatatu nikatundika pazia mlangoni. Nikageuza kaunta, nikawa nauza nimeligeuzia dirisha mgongo, wateja wananizunguka kama wanatafuta mlango wa choo. Filimbi zake na kamba za kugawanya maji nikaziweka kwenye kikapu nje, ajichukulie mwenyewe. Meneja akaniuliza kama naumwa shingo. Nikamwambia ndiyo.

Aliyeelewa bila kuambiwa ni askari wa getini, mzee wa Kimaasai ambaye hunisalimia kila asubuhi kwa lugha yake. "Takwenya," anasema, nami naitikia, "Iko." Siku ya pili ya pazia alikuja akaliangalia, akaangalia bwawa, akaniangalia.

"Yule amekuwa mkwe?"

"Amekuwa mkwe."

"Hata sisi," akasema, "mama mkwe akipita hapa, mimi napita kule." Na tangu siku hiyo, mwalimu akitoka majini kuelekea upande wangu, mzee anakohoa. Alikuwa na kikohozi cha nguvu, unakisikia mpaka uwanja wa tenisi. Mimi naingia kati ya kaunta na rafu ya raketi, najikunja hapo, nasikia nyayo zenye maji zinakuja, zinasimama, zinarudi.

Siku hizo sikuweza kukaa. Nilikuwa napanga miwani kwa rangi, halafu kwa ukubwa, halafu narudia rangi. Naenda getini kuangalia kama mzigo umekuja, na hakuna mzigo nilioagiza. Nikiwa kaunta nataka kusimama, nikisimama nataka kutembea, nikitembea naogopa kukutana naye kwenye kona ya vyoo na kaptura yake fupi. Mtu akidhani heshima ni kitu cha kukaa kimya kwenye kiti, na aje aifanye kwenye klabu ya kuogelea. Jioni miguu ilikuwa inaniuma kana kwamba nimelima ekari.

Ila nilijisifu, kusema kweli. Nilimwona akilini mama yangu na leso yake usoni, nikasema, hata huku Kitengela, kwenye saruji na upepo, mimi bado najua kumpa mtu heshima yake. Na sikuwa na shaka kwamba kijana anaipokea. Kwetu mkwe hafundishwi na mama mkwe. Hiyo ni kazi ya shangazi. Shangazi anamketisha binti, anamwambia mila, binti anamwambia kijana wake. Shangazi yupo, dada wa marehemu mume wangu, yuko Bungoma na simu yake ina chaji saa zote. Nilijua tayari kila mtu ameambiwa.

Siku moja kikohozi kilichelewa. Nilikuwa nahesabu kofia nikasikia sauti yake nyuma ya pazia, karibu kabisa.

"Mathe."

Nikaweka kofia chini.

"Mathe, nimekukosea nini?"

Chini ya pazia niliona vidole vya miguu yake na maji yanatanda sakafuni. Nikageuza macho, maana hata vidole si vya kuangalia. Ningesema nini? Nikafikiri, huyu anajua, ila ananitania, au anataka kusikia tu kama mama mkwe wake anaweza kutikiswa. Alipokaa sana nikasukuma filimbi mpya kwa mguu ikapita chini ya pazia. Alisimama kidogo, akainama akaichukua, akaenda. Nikaona nimefanya vizuri.

Nyumbani, binti alianza kunijibu kwa neno mojamoja. Chakula? Nimekula. Kazi? Sawa. Nikadhani ni mambo ya mtu anayejiandaa kuolewa. Nilipomuuliza kama wazee wa upande ule wamechagua siku, aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mtoto niliyemzaa, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Halafu ikafika asubuhi ambayo mzee wa getini hakukohoa. Saa tatu, kimya. Saa nne watoto wa shule wakaingia majini na mwalimu mwingine, mtu mnene wa kupiga makelele. Nikatoka nikaenda getini.

"Yuko wapi mkwe?"

"Ameenda Kimana," mzee akasema. "Amepata kazi kwenye hoteli huko, ile ya wageni wa Amboseli. Jana alikuja kuaga." Akaangalia dukani kwangu. "Hakuja kwako?"

Nilifunga duka mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaenda mpaka kwenye duka la dawa. Binti alikuwa anamhesabia mama mmoja vidonge. Akamaliza, akamuaga, ndipo akanitazama.

"Umefurahi sasa?"

"Nifurahie nini?"

"Mum, tafadhali. Umemfanyia visa mpaka amehama. Ulimkimbia mlangoni na mkono wake ukiwa hewani. Umeweka pazia. Umemsukumia filimbi na mguu, Mum, na mguu, kama mbwa. Amesema haoi mahali ambapo hatakiwi. Amewaambia wazee wake wasije." Akafunga kopo la vidonge. "Ni kwa sababu si wa kwetu? Ama ni kwa sababu anafanya kazi na chupi?"

Nilishika kaunta. Kaunta ya kioo, baridi, nikakumbuka kwamba haya ni mambo ya nyumbani na tumo ndani ya duka la watu. "Mwanangu," nikasema, "shangazi yako hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Nikatoka nje nikampigia shangazi pale pale, malori yanapita, nimeziba sikio moja.

"Umemwambia mtoto habari ya kukimbiana?"

"Mimi?" akasema. "Si wewe ndiye unakaa naye nyumba moja? Nilidhani alishakua akiona."

Akiona wapi? Nilimlea mtoto mwenyewe, kwa mkono wangu, lakini nilimlea Kitengela. Bungoma alienda Krismasi, akala kuku akarudi. Bibi yake alipokuwa anaficha uso sokoni, yeye hakuwa amezaliwa. Hajawahi kumwona mtu akimkimbia mtu kwa upendo. Nilikuwa namngoja shangazi, shangazi ananingoja mimi, na katikati pale kijana wa watu amesimama na maji yanamtiririka, anauliza amekosa nini. Nilimwambia shangazi maneno ambayo sitayarudia, naye akanirudishia yangu, tukakatiana simu.

Nilimweleza binti usiku huo yote. Alisikiliza, akalia, akacheka kidogo, akalia tena. Nikamwambia, basi mpigie umwambie. Akatikisa kichwa.

"Hataamini, Mum. Atasema nimetunga nimrudishe. Mambo kama hayo lazima ayasikie kwako."

"Kwangu hayasemwi. Mama mkwe hamweki mkwe chini amfundishe namna ya kumheshimu yeye mwenyewe. Hiyo ni aibu."

"Basi kaa na aibu yako vizuri," akasema, na akaenda kulala.

Nikakaa nayo usiku mmoja, na ilinichosha. Alfajiri nilivaa gauni langu la kanisani, nikajifunga leso juu, nikapitia Athi River, nikateremka Emali, na kabla ya saa saba nilikuwa Kimana, kwenye jua la kuchoma, katikati ya magunia ya vitunguu na kreti za nyanya zinazongoja malori. Nikauliza hoteli, nikaonyeshwa njia. Kila hatua nilikuwa nabadilisha maneno. Nianze na salamu? Salamu yenyewe si ndiyo iliyotufikisha hapa?

Hoteli ilikuwa na duka lake la vifaa, na msichana wa pale akaniambia mwalimu yuko na wageni majini, nisubiri. Nikasubiri kama dakika mbili. Kofia za duka lake zilikuwa zimepauka kwa jua kwenye dirisha, hazina poda, zimenatana. Nikaanza kuzibandua moja moja. "Mama, unataka kununua?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, nataka tu kufanya kitu na mikono. Akanihurumia, akanionyesha njia ya kwenda bwawani.

Bwawa lilizungushiwa ua wa michongoma mirefu kuliko mtu. Nikamshukuru Mungu kwa hiyo michongoma. Nilisikia sauti yake upande wa pili, ile ile, inamwambia mtoto wa watu apulize mapovu majini, asiogope, maji hayana haraka. Nikangoja mpaka mtoto ametoka. Kisha nikageuka, nikaupa ua mgongo, nikiangalia mlima ambao ulikuwa umejificha kwenye mawingu, nikasema:

"Mwalimu."

Maji yakatulia.

"Mathe?"

"Usije huku. Kaa hapo hapo, mimi nimekupa mgongo. Nimetoka Kitengela asubuhi kukuambia neno ambalo kwetu halitoki mdomoni mwa mama mkwe, kwa hivyo nisikilize mara moja, sitaweza kulirudia."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mama yangu na leso yake, habari ya mume wangu akirudi sokoni na kifua mbele, habari ya kuingia mahindini. Nilimwambia pazia lilikuwa la nini, na kwamba kwetu mkwe haonekani na mama mkwe bila shati. Nilipofika kwa shangazi na mimi, kila mmoja amemwachia mwenzake, nikaishia hapo.

Alipozungumza, nilisikia bado ana uchungu, na uchungu huo ulikuwa wa haki.

"Mathe, mimi nilinyoosha mkono. Mbele ya binti yako. Ukatoka na mlango wa nyuma. Kwetu mtu akikufanyia hivyo, amekukataa. Ningejuaje?"

"Hungejua."

"Na kama kweli ungekuwa umenikataa, ungefanya nini tofauti?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na jibu lilikuwa limekaa mdomoni siku zote.

"Ningekupa mkono," nikasema. "Mwaka juzi alikuja mwingine, wa kwetu Bungoma, ana gari, ana kazi kubwa mjini. Sikumtaka hata kidogo. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikamketisha karibu yangu, nikala naye sahani moja mpaka akashiba. Alielewa; hajarudi mpaka leo."

Nilisikia anacheka, halafu si kucheka tena, halafu maji yakimwagika kwenye saruji, mtu akitoka bwawani. Nikaanza kutafuta njia ya kukimbilia.

"Usigeuke bado, Mama," akasema nyuma ya michongoma. "Ngoja nivae shati."